Kisa cha fundi aliyekataliwa na mfumo, bahasha yake ikampeleka kwenye usaili

Fundi mmoja wa umeme wa mitambo aliomba kazi moja, taasisi moja, mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza alijaza fomu ya mtandaoni, akabonyeza tuma, na kabla hajafunga hata ule ukurasa imeili ikaingia inasema asante kwa kuomba ila hujakidhi vigezo. Mara ya pili alipeleka bahasha kwa mkono, maana tangazo lilisema wazi kwamba njia zote mbili zinapokelewa, na ile bahasha ikamfikisha kwenye usaili. Mtu yule yule, vyeti vile vile, nafasi ile ile. Baadaye akaandika barua, wala hakuandika kwa ugomvi, aliuliza tu kati ya majibu mawili aliyopewa lipi ndo jibu la ofisi, na mi nikawa mmoja wa watu walioitwa kuweka mafaili yote mawili mezani tuangalie imekuwaje. Tulikubaliana na wenyewe nisitaje majina wala mahali. Ila mambo yenyewe nayaeleza kama yalivyo kwasababu najua watu wengi sana wanatolewa kwa namna hii hii na hawajui wametolewa wapi.

Kwanza mumjue huyu fundi. Ana cheti cha ufundi umeme, hana stashahada. Lakini baada ya hicho cheti amekuwa kazini zaidi ya miaka kumi, na sio ile ya kuajiriwa sehemu moja ukakaa, ni kazi za mkataba, miezi minane huku, mwaka na nusu kule, miezi mitatu ya kufunga mota za pampu alafu anaitwa tena na yule bosi wa kwanza. Katikati ya hiyo mikataba amehudhuria mafunzo ya watengenezaji wa mitambo wenyewe, ana vyeti vya paneli za kuendeshea mota, ana cheti cha kupanga PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, kila mafunzo yameandikwa yalikuwa ya wiki ngapi na alifaulu nini. Ukimuuliza kuhusu mota inayokata fyuzi kila ikianza anakuuliza maswali matatu na tayari ameshajua pa kushika.

Sasa njoo kwenye tangazo. Sifa iliandikwa hivi: awe na stashahada ya ufundi umeme, au awe na sifa nyingine inayolingana pamoja na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitano. Yaani milango miwili, na huyu fundi ule wa pili unamtosha kabisa. Alafu fungua fomu ya mtandaoni, swali la nne: Je, una stashahada ya ufundi umeme? Chini yake vitundu viwili, Ndiyo na Hapana. Basi. Hamna mstari wa kuelezea, hamna chaguo la tatu, na huwezi kuruka kwenda swali la tano bila kujaza. Fundi akasoma, akajibu ukweli, Hapana, akaendelea kujaza kurasa nyingine zote kwa muda mrefu tu bila kujua kwamba maombi yake yameshaishia pale.

Ilikuwaje mlango mmoja ukapotea? Tulipofuatilia tukakuta hakuna mtu aliyekusudia. Tangazo aliliandika mkuu wa karakana akishirikiana na afisa ajira, na mkuu wa karakana ndo aliyesisitiza hiyo sifa inayolingana iwekwe kwasababu anawajua mafundi wake wazuri wametokea wapi. Fomu aliitengeneza mtu mwingine kabisa, anayesimamia mfumo, akiwa na fomu ya nafasi iliyopita akaibadilisha majina. Sifa inayolingana ni kitu kinachotaka mtu akae asome alinganishe, na mfumo ule ulikuwa unataka swali lenye jibu la kukata, kwahiyo akachukua nusu inayokatika akaiacha ile nyingine. Hakuna aliyekaa na tangazo mkono mmoja na fomu mkono mwingine akasoma vyote kwa pamoja kabla ya kufungua dirisha la maombi. Kazi ya nusu saa tu hiyo, na naiona ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye kisa hiki.

Kwenye mifumo mingi ya kupokea maombi kuna aina ya swali ambalo anayetengeneza fomu analiwekea alama kwamba mtu akijibu hivi, anatoka. Watu wa ajira wanaliita swali la mchujo. Jibu halipunguzi maksi zako, linakutoa moja kwa moja, na hatua zinazofuata hazikuhusu tena. CV yako inabaki imehifadhiwa lakini haiendi kwa mtu yeyote. Kwenye rekodi ya maombi ya huyu fundi kulikuwa na sehemu inayoonyesha nani amefungua faili na saa ngapi, na kwake palikuwa patupu kabisa. Hakuna binadamu aliyesoma hata mstari mmoja.

Hapa naomba watu wanielewe vizuri. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kuomba kazi mtandaoni ni wa CV: tumia maneno yaliyopo kwenye tangazo, usiweke safu mbili, usiweke majedwali, usiweke picha. Ni ushauri wa kweli, safu mbili zinaweza kusomwa na mashine zikachanganywa mistari mpaka kazi yako ya zamani ikaingia kwenye jina la shule. Lakini kwa huyu fundi hata angekuwa na CV nzuri kuliko zote duniani isingemsaidia chochote, maana hukumu ilishatoka kabla CV haijaguswa. Nimeona watu wanabadilisha muonekano wa CV mara kumi, wanalipa watu wawaandikie upya, wakati kinachowatoa ni kitundu kimoja walichokijaza ukurasa wa pili na hawakikumbuki tena. Ukitolewa papo hapo, au usiku wa manane wakati hakuna ofisi iliyo wazi, uwezekano mkubwa ni swali la mchujo. Anza kuangalia hapo.

Kulikuwa na tatizo la pili ambalo lingemtoa hata kama swali la nne lingekuwa sawa. Sehemu ya uzoefu ilitaka kila kazi iingizwe peke yake: mwajiri, cheo, mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza, sababu ya kuondoka, alafu hifadhi, alafu ongeza nyingine. Kwa mtu aliyekaa sehemu mbili hiyo ni dakika tano. Kwa fundi wa mikataba ni kazi ya jioni nzima, na alikuwa anajaza kwa simu. Alipokuwa anatoka kwenda kutafuta barua ya mkataba wa zamani ili apate mwezi sahihi, akirudi anakuta ukurasa umemtoa, ingia upya, na ile aliyokuwa hajahifadhi imepotea. Mwisho akaingiza mikataba minne ya karibuni tu akaendelea. Mfumo ukajumlisha miezi ya hiyo minne, jumla haikufika hata miaka mitatu. Yaani kwenye macho ya mfumo huyu mtu hana stashahada na hana uzoefu, na vyote viwili ukiviangalia kwenye makaratasi yake unaona picha nyingine kabisa.

Hiyo ya kumtoa mtu bila kumuonya haikubaliki hata kwa viwango vya watengeneza tovuti wenyewe. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la kuweka viwango vya tovuti, tangu toleo la 2.0 la Desemba 2008, unasema ukiweka kikomo cha muda, ukiacha hali chache maalum, basi mtumiaji aweze kukizima, au kukirekebisha, au aonywe kabla na apewe walau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa kwenye mwongozo, daraja A. Aliyetengeneza ile fomu hakuweka hata onyo. Wanaoumia hapo ni wenye simu, wenye netiweki ya kusuasua, wenye macho hafifu, wanaosoma taratibu, na wenye historia ndefu ya kazi kama huyu.

Vyeti navyo nisiviache. Alivipiga picha kwa simu akavigeuza PDF akavipakia. PDF ya picha na PDF ya maandishi zinafanana kabisa ukiziangalia kwa macho, ila ile ya picha haina herufi hata moja ndani yake mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Njia rahisi ya kujua: jaribu kuchagua neno kwa kidole au kwa mausi, likikataa kushikika ujue umetuma picha. Kwa vyeti sio shida sana kwasababu vyeti husomwa na watu, ila CV yako isiwe picha. Yake ilikuwa ya maandishi, hapo alikuwa salama.

Sasa bahasha. Siku mbili baada ya ile imeili akachapisha barua ya maombi ya ukurasa mmoja, CV, na nakala za vyeti akazibana pamoja akazipeleka masijala. Mama wa masijala akachukua, yeye akageuka kuondoka, yule mama akamwita, "Baba usiondoke, subiri nikugongee muhuri kwenye nakala yako." Hakuwa na nakala yake. Ikabidi aende akatoe kopi ya ile barua arudi, ikagongwa muhuri wa imepokelewa na tarehe, na namba ya kwenye kitabu cha barua ikaandikwa kwa kalamu pembeni. Nasimulia hili kwa kirefu kwasababu lile karatasi moja lenye muhuri ndo lilikuja kuthibitisha kwamba alileta kabla ya siku ya mwisho, pale mtu mmoja kwenye kikao alipoanza kusema huyu alikuja kuchomekwa. Kama mnapeleka maombi kwa mkono, nendeni na nakala mbili za barua, moja irudi na nyie ikiwa na muhuri. Usiache bahasha kwa mlinzi getini.

Kwenye ile barua fundi alifanya kitu kimoja kizuri mno. Aya ya pili aliandika moja kwa moja: sina stashahada, naomba nifikiriwe kwa kigezo cha sifa inayolingana kama kilivyoandikwa kwenye tangazo lenu, na hizi hapa sababu. Alafu akaorodhesha mafunzo, muda wake, mitambo aliyofanyia kazi, na mikataba yote tangu wa kwanza na jumla ya miaka. Hakumwachia msomaji kazi ya kukisia. Mkuu wa karakana alipofikiwa na mafaili ya karatasi alisoma hiyo aya akasema, "Si huyu ndo tuliyemwandikia ile sentensi?" Akaweka alama.

Karatasi ilimsaidia kwa sababu moja tu, ilikuwa na nafasi ya kusema kitu ambacho fomu haikuuliza, na ikamfikia mtu anayejua kazi yenyewe. Lakini msiseme basi karatasi ndo njia nzuri, kwasababu kwenye meza ile ile tuliona ubaya wake pia. Zile bahasha zilikaa masijala muda mrefu bila kufunguliwa wakati ya mtandaoni yameshapangwa kwenye orodha, na kulikuwa na mawazo ya kufunga orodha kwa kutumia ya mtandaoni peke yake. Bahasha mbili zilikuwa na kurasa zilizochomoka na haikujulikana ni za nani. Kuna CV ya mtu namba ya simu imefifia kwenye fotokopi, tarakimu ya mwisho haijulikani kama ni 3 au 8. Hakuna hata mmoja wa walioleta karatasi aliyepewa taarifa yoyote, wakati wa mtandaoni angalau walijibiwa, hata kama jibu lilikuwa baya.

Alafu kuna hili la macho ya binadamu. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio lao la kutuma CV za kutunga karibu 5,000 kujibu matangazo ya kazi kwenye magazeti ya Boston na Chicago. Sifa zilikuwa zinalingana, walichobadilisha ni majina, na CV zenye majina yanayosikika ya Wazungu ziliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi. Kwahiyo mtu akiniambia turudishe karatasi ili watu wasomwe na watu, namuelewa, ila yule anayesoma naye anahitaji kuwekewa utaratibu. Kwenye kisa chetu fundi alipata msomaji mwenye nia njema na anayeijua kazi. Angeweza kupata mwingine.

Tukarudi kwenye swali lake, jibu lipi ndo la ofisi. Msimamo wangu ulikuwa mmoja na niliusema kwenye kikao: tangazo ndo ahadi, fomu ni chombo cha kutekeleza hiyo ahadi, na chombo kikipunguza kigezo kilichotangazwa basi matokeo yake hayana uhalali. Wengine walisema mbona mfumo umewatendea wote sawa. Sawa kweli, umewanyima wote kitu walichoahidiwa. Na hili la mashine kumtoa mtu peke yake limeshafikiriwa na watunga sheria, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, kifungu cha 22, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na uchakataji wa mashine peke yake kwenye mambo yanayomgusa kwa uzito, na kwenye utangulizi wake, aya ya 71, imetaja waziwazi mfano wa ajira za mtandaoni zisizo na mkono wa binadamu. Kuna hali zinazoruhusiwa, ila hata hizo kwa sehemu kubwa zinakuja na haki ya kuomba mtu aangalie upya. Sheria hiyo haigusi kila sehemu, lakini kama kipimo cha haki naiona inafaa popote.

Wala ofisi hii haiko peke yake. Utafiti wa Harvard Business School na Accenture wa 2021 uliohoji viongozi wa makampuni Marekani, Uingereza na Ujerumani ulikuta asilimia 88 wanakubali kwamba watu wenye ujuzi wa juu na wanaofaa wanachujwa nje kwasababu tu hawajalingana na vigezo vilivyoandikwa neno kwa neno, na karibu nusu ya makampuni yanawaondoa watu wenye pengo la zaidi ya miezi sita bila kazi. Fundi wa mikataba anaweza kukutwa na mapengo ya hivyo, ndo maisha ya kazi yake. Ninachokiona kibaya zaidi ni kwamba waajiri wenyewe wanajua.

Swali lililozua mjadala mkali kikaoni: je angejibu Ndiyo? Kuna aliyesema ni mjinga, angetiki Ndiyo apite alafu aeleze kwenye CV. Mi napinga. Kwenye fomu nyingi mwisho unathibitisha kwamba maelezo yako ni ya kweli, na ukija kukaguliwa vyeti baada ya kupata kazi hiyo Ndiyo inaweza kukufukuzisha hata kama unafaa. Alichofanya ndo sahihi, akajibu ukweli kwenye fomu, akatafuta njia ya pili iliyo halali. Kama njia ya pili haipo, andika imeili kwa anuani iliyopo kwenye tangazo kabla ya siku ya mwisho, taja namba yako ya maombi, nukuu ile sentensi ya tangazo kama ilivyo, eleza kwa mistari mitano kwanini unaingia kwenye hicho kigezo, ambatanisha CV. Usilalamike kwamba mfumo mbovu, onyesha tu tangazo linasema hivi na fomu imeuliza hivi. Na hifadhi skrinishoti ya tangazo, maana yakifungwa huwa yanaondolewa na hutakuwa na cha kuonyesha.

Alipopita, mfumo ukaleta shida tena. Barua za kuitwa kwenye usaili zilikuwa zinatolewa na mfumo, na jina lake mle ndani lilikuwa limekataliwa, haliwezi kusogezwa. Afisa ajira akajaribu kumsajili upya, ikagoma kwasababu namba ya kitambulisho imeshatumika. Mwishowe aliitwa kwa simu na jina lake likaongezwa kwa kalamu chini ya orodha iliyochapishwa, na mlangoni siku ya usaili akaambiwa haonekani kwenye orodha mpaka mtu akaja kumtambua. Akaingia, akafanya vizuri, akaajiriwa.

Ila yeye sio mwisho wa kisa. Tuliomba wote waliojibu Hapana kwenye swali la nne watolewe kwenye mfumo, na mkuu wa karakana akakaa akasoma CV zao moja moja. Wengi kweli hawakufaa. Wachache walikuwa na sifa inayolingana kama alivyokuwa nayo fundi, na hawakuleta bahasha kwasababu waliamini ile imeili. Nafasi ilishajazwa. Waliandikiwa barua ya kuelezwa ukweli, kwamba walitolewa kimakosa, na wakawekwa kwenye orodha ya kuitwa nafasi ikitokea. Wawili hawakujibu.

Swali la nne sasa lina chaguo la tatu, lenye kisanduku cha kuandika sifa inayolingana ni ipi, na anayelichagua anaenda kwa mtu wa karakana badala ya kutolewa. Fomu haifunguliwi mpaka aliyeandika tangazo aisaini. Kumtoa mtu bila onyo bado kupo, waliotengeneza mfumo wanasema watarekebisha kwenye toleo lijalo, na mi kila nikipata nafasi nawauliza limefikia wapi.